Eti Wanawake wa Zamani Hawakubebwa? Tuisome Vizuri Historia ya Viti Maalum

Toka mjadala wa kuweka ukomo wa vipindi kwa wabunge wa viti maalum, yani wanawake wanaoingia bungeni kwa kupelekwa na vyama vyao, ushike moto, huku kwetu Mbeya kuna hoja moja naikuta kila mahali, kwenye magrupu ya WhatsApp, kwenye kijiwe cha bajaji pale Kabwe, mpaka kwa kina mama wanaouza viazi Mwanjelwa, nayo inasema hivi: wanawake wa zamani walipambana wenyewe, hawakubebwa na mtu, hawa wa siku hizi ndio wanasubiri kubebwa. Wengi wanaosema hivyo hawana nia mbaya, tena wanadhani wanawasifia kina Bibi Titi wa enzi za TANU na Mama Makinda aliyekuwa Spika. Lakini ukiichunguza vizuri hiyo sifa utaona ni fimbo ya kuwachapia wanawake wa leo, na ubaya zaidi ni kwamba historia yenyewe haiko hivyo.

Msimamo wangu nauweka mapema ili tusipotezeane muda. Karibu kila mwanamke wa siasa tunayemtaja kwa heshima nchi hii aliingia kwa mlango ambao kuna mtu au chama kiliufungua makusudi, na hilo halimpunguzii kitu, maana wanaume nao waliingia kwa milango yao ya makusudi ila yao tumezoea kuiita kawaida. Kwa hiyo swali la "nani kabebwa" halina faida yoyote. Swali lenye nyama ni aliyeingia alifanya nini humo ndani, na kwa nini walioweza kutoka wakaenda kusimama jimboni ni wachache hivi. Na niseme wazi kabisa, mimi ukomo nauunga mkono, ninachokataa ni sababu inayotolewa.

Kwanza tuelewane hivi viti ni nini. Uchaguzi wa 1985 ulikuwa na viti 15 tu vya wanawake, baadae ikaja asilimia, 15 kwenye 1995, 20 kwenye 2000, halafu tangu 2005 Katiba inataka wanawake wa viti maalum wasipungue asilimia 30 ya wabunge wote. Bunge la 2020 viti vilikuwa 113. Vinagawanywa kwa vyama kulingana na kura walizopata, na chama ndio kinapeleka majina, yani mwananchi wa Uyole au Makambako hapigi kura ya moja kwa moja kumchagua huyu mama. Hapo ndipo kelele zote zinapoanzia na sio kelele za bure, nitazirudia.

Sasa wapange wale tunaowasifia halafu angalia waliingilia wapi. Rais Samia mwaka 2000 aliingia Baraza la Wawakilishi Zanzibar kwa viti maalum, akakaa huko miaka 10 na uwaziri juu, ndio 2010 akaenda kugombea jimbo la Makunduchi akashinda, 2015 akawa Makamu wa Rais, Machi 2021 akaapishwa kuwa Rais. Asha-Rose Migiro aliyefika mpaka kuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa 2007, alitoka chuo kikuu akaingia bungeni mwaka 2000 kwa viti maalum. Upinzani nako ni hivyo hivyo, Halima Mdee alianza 2005 kwa viti maalum vya CHADEMA, 2010 akalichukua jimbo la Kawe na 2015 akarudia. Mtu anayetaka kusema viti maalum havijawahi kuzaa mwanasiasa wa maana inabidi kwanza awafute hawa wote.

Tuje nyumbani. Tangu uhuru tumekuwa na Maspika wanawake wawili tu na wote wawili ni wa nyanda za juu kusini, Anne Makinda wa Njombe na Tulia Ackson wa Rungwe. Hapa Mbeya watu wanapenda kusema ni damu, kwamba wanawake wa huku ni majasiri kwa kuzaliwa, mimi hiyo naiacha kama utani wa kujisifia. Mama Makinda alizaliwa 1949, akaingia bungeni 1975 akiwa na miaka 26, na hakutokea jimboni, aliingia kupitia kundi la vijana wa chama. Mwaka huo huo 1975 ndio Mwalimu Nyerere aliteua mawaziri kamili wa kwanza wanawake, Tabitha Siwale na Julie Manning, na ndio mwaka ambao Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Wanawake, kwa hiyo mlango ulikuwa umefunguliwa kwa kukusudia. Lakini hebu hesabu kilichofuata. Makinda akawa waziri, akaja kugombea Njombe Kusini 1995 akashinda, akalishika jimbo mpaka 2015, katikati hapo akawa Mkuu wa Mkoa wa Ruvuma, akawa Naibu Spika 2005, Spika 2010. Toka aingie mpaka akalie kile kiti ni miaka 35. Wanaume wangapi unawajua waliosubiri miaka 35 kwenye jengo moja na bado wakaambiwa wamebebwa?

Na hata huo uspika wa 2010, watu wenye kumbukumbu watakwambia kwamba CCM ilipeleka majina matatu na yote yalikuwa ya wanawake, Makinda, Anna Abdallah na Kate Kamba, na Samuel Sitta aliyekuwa anakitetea kiti akawekwa pembeni. Wakati ule ilisemwa sana kwamba "zamu ya wanawake" ilikuwa ni mbinu ya kumuondoa Sitta. Inawezekana kabisa, siasa ndio zilivyo na sioni haja ya kumtetea mtu kwa kujifanya sijui. Ila angalia hao watatu walikuwa kina nani: wote ni watu wa miaka mingi serikalini na kwenye chama. Chama kilikuwa na hesabu zake, ndiyo, lakini kisingekuwa na majina matatu ya kupeleka kama miaka ya nyuma mlango usingefunguliwa. Huwezi kutumia karata ambayo hukuwahi kupewa.

Dk Tulia nae ni hivyo hivyo. Mtoto wa Tukuyu, kasoma Loleza hapa hapa mjini, akaenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusomea sheria, uzamivu akaufanya Cape Town, akarudi kufundisha. 2015 aliteuliwa Naibu Mwanasheria Mkuu, miezi michache baadae Rais Magufuli akamteua mbunge kwenye zile nafasi 10 za Rais, akawa Naibu Spika. 2020 akasimama Mbeya Mjini dhidi ya Sugu (Joseph Mbilinyi wa CHADEMA) akatangazwa mshindi (uchaguzi ule wapinzani waliukataa nchi nzima, na huo ni mjadala unaojitegemea ambao siwezi kuupitia juu juu hapa), 2022 akawa Spika, Oktoba 2023 akachaguliwa kule Luanda kuwa Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani, mwanamke wa kwanza kutoka Afrika. Wanaosema alibebwa wanasimama kwenye ule uteuzi wa 2015. Sawa. Mbona Dk Mpango nae aliingia bungeni mwaka huo huo 2015 kwa nafasi hizo hizo za Rais akapewa Wizara ya Fedha, 2020 akaenda kuchukua jimbo la Buhigwe, 2021 akawa Makamu wa Rais, na sijawahi kusikia kijiwe chochote kikisema Mpango kabebwa? Wanasema ni mtaalamu, Rais alimuona. Njia ni ile ile na mwaka ni ule ule, ila mmoja kaonwa na mwingine kabebwa.

Ukiwabana hapo watarudi kwa Bibi Titi, maana ndiye wanayemuona hana doa. Na kweli Bibi Titi Mohamed ni mtu wa aina yake, shule aliishia darasa la nne, alikuwa mwimbaji kwenye kikundi cha lelemama, ngoma ya wanawake, Dar es Salaam. Lakini aliingiaje TANU? Mwaka 1955 John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alikuja Dar es Salaam, akawauliza viongozi wa TANU wanawake wenu wako wapi, na viongozi hawakuwa na jibu la kueleweka. Ndio wakatafutwa wanawake, Bibi Titi na Tatu binti Mzee wakawa mbele. Yani idara ya wanawake ya TANU ilizaliwa kwa sababu mgeni aliuliza swali lililowaaibisha wenyeji. Kama hicho hakikuwa kiti maalum basi kilikuwa ndugu yake wa karibu sana. Kilichomfanya Bibi Titi awe Bibi Titi ni alichofanya baada ya hapo, alizunguka kwenye vikundi vya ngoma, akawatumia wanawake waliokuwa tayari wana umoja wao, na ndani ya miezi michache maelfu ya wanawake wakawa na kadi za TANU, jambo ambalo wanaume waliosoma walikuwa hawajalifikiria. Na kubebwa kule hakukumkinga na lolote, kwenye uchaguzi wa 1965 alipoteza ubunge wa Rufiji, 1969 akakamatwa, akahukumiwa kifungo cha maisha kwenye kesi ya uhaini, akatoka 1972. Leo ana barabara kubwa Dar es Salaam kwa jina lake.

Kuna mfano mwingine wa karibu zaidi ambao Iringa wenyewe wameusahau. Kwenye uchaguzi wa 1958 na 1959 mkoloni aliweka utaratibu wa kura tatu, kila mpiga kura anachagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mhindi mmoja. TANU ilikaa Tabora Januari 1958 ikagombana sana, mwisho ikakubali kushiriki. Kwa utaratibu huo huo ndio Lady Marion Chesham, mama mzaliwa wa Marekani aliyekuwa mkulima huku nyanda za juu, akaingia Baraza la Kutunga Sheria kwa upande wa Iringa akiungwa mkono na TANU, na Sophia Mustafa akaingia kwa upande wa Arusha kwenye kiti cha Wahindi. Ni viti vilivyotengwa kwa rangi, hakuna namna nyingine ya kuvisema. Nyerere alijua ule utaratibu ni mbovu akautumia, akaingiza watu wake, halafu akauvunja kutokea ndani.

Sasa milango ya wanaume. Miaka ya 1920 serikali ya Kiingereza ilifungua shule ya Tabora kwa ajili ya watoto wa machifu, na 1928 Malangali ikafunguliwa hapa kwetu, Mufindi ya leo. Hizo shule ndizo zilizotoa makarani, walimu na baadae viongozi. Chuo cha Makerere kule Uganda hakikupokea mwanamke mpaka 1945, mwaka ambao Nyerere alikuwa anamaliza, na Nyerere mwenyewe mtoto wa Chifu Burito alikuwa amepita Tabora. Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mkwawa aliyewapiga Wajerumani Lugalo 1891, alirithishwa uchifu 1940 akiwa kijana, 1962 akawa Spika, na ukiondoa miaka miwili hivi katikati aliendelea mpaka 1994. Alikuwa Spika mzuri na mtu wa heshima, sina neno baya juu yake hata moja. Nasema tu kwamba uchifu haugombewi, unazaliwa nao, na hakuna mtu Iringa anayesema Adam Sapi alibebwa na babu yake. Wasichana wa kizazi chake waliokuwa na akili kama yake walikuwa Kalenga na Tosamaganga na Rungwe wakichota maji, na wengi wao shule ya kuwapeleka kama Malangali hawakuwa nayo.

Uwezo wa wanawake huku haukuanza 1975, hili nalo linasahaulika. Kwenye vita vya Majimaji, Nkomanile wa Kitanda, mwanamke aliyekuwa anatawala eneo lake Ungoni, ndiye aliyempokea mjumbe wa maji na kuyaingiza kwa Wangoni, na Wajerumani walimnyonga Songea 1906 pamoja na viongozi wanaume bila kumpunguzia adhabu kwa sababu ya jinsia yake. Mkoloni alimtambua kuwa kiongozi kwa kamba. Na kule Utengule kwenye misheni ya Moravian, Elise Kootz-Kretschmer, mke wa mmisionari, aliandika simulizi za wanawake waliopitia utumwa ukanda huu wa Mbozi mpaka Ziwa Tanganyika, mmoja wao Narwimba, mjane aliyetekwa, akatoroka, akahangaika na watoto wake kutoka kwa mlinzi mmoja hadi mwingine kwa sababu mwanamke asiyekuwa na ukoo wa kumsimamia alikuwa anauzwa tu kama mbuzi wa mtu asiyejulikana. Ukimsoma Narwimba huwezi kusema alikosa akili au ujasiri, alikuwa navyo kuliko wengi. Hakuwa na taasisi ya kusimama nayo. Ndio maana nikisikia mtu anasema "mwanamke mwenye uwezo atapanda tu" najua hajasoma habari za wanawake wenye uwezo.

Haya, nimewapiga wenye hoja dhaifu, sasa wenye hoja nzito. Wao hawasemi wanawake hawawezi, wanasema hivi viti vimekuwa gereza. Mwenye kiti ni chama, chama kikikasirika umekwisha. Ushahidi wao mzito ni lile sakata la Novemba 2020, wanawake 19 wa CHADEMA waliapishwa kuwa wabunge wa viti maalum wakati chama kinasema hakikupeleka majina, siku chache baadae kikawafukuza uanachama, na bado wakaendelea kukaa bungeni. Humo alikuwemo Halima Mdee yule yule aliyetoka viti maalum akachukua Kawe mara mbili, akarudishwa alipoanzia. Halafu mbunge wa viti maalum hawezi kuwa Waziri Mkuu, Katiba inataka Waziri Mkuu atoke kwenye wabunge wa majimbo. Mfuko wa jimbo hana. Anaweza akazunguka mkoa mzima wa Njombe kuanzia Ludewa mpaka Makete lakini hana shilingi ya kuchimbia kisima kimoja, kwa hiyo wananchi wanamuona kama mgeni rasmi wa vikao vya UWT, jumuiya ya wanawake wa CCM. Na baya kuliko yote, mwanamke akienda kuchukua fomu ya jimbo wazee wa chama wanamwambia mama nyie mna viti vyenu, hili waachie wanaume. Bunge la 2020 lilikuwa na majimbo 264 na wanawake walioshinda majimboni hawakufika 30.

Hiyo hoja naiheshimu na sehemu kubwa nakubaliana nayo. Ila iangalie vizuri, haisemi kabisa kwamba wa zamani walikuwa bora. Inasema mlango wa kuingilia upo na mlango wa kutokea kwenda jimboni umefungwa na watu wale wale wanaolalamika kwamba wanawake wanang'ang'ania viti maalum. Kina Samia, Makinda na Mdee walitoka, kila mmoja kwa njia na kwa wakati wake. Huwezi kumfungia mtu ndani halafu ukamcheka kwamba hatoki. Tena wanaobaki humo wanafanya kazi zisizoonekana, sheria kama ile ya makosa ya kujamiiana ya 1998 au za ardhi za 1999 zilisukumwa na wanaharakati wa nje kama TAMWA, chama cha wanahabari wanawake, na wanawake waliokuwemo ndani ya Bunge, na wengi wa hao wa ndani walikuwa wa viti maalum. Mjane wa Rungwe ambaye leo anaweza kwenda baraza la ardhi kudai shamba la chai, wale waliompigania hajui hata majina yao.

Kwa hiyo ukomo uje, vipindi viwili vinatosha, mtu aliyekaa miaka 20 kwenye kiti cha kujifunzia amezuia wengine. Lakini ukomo peke yake utafanya jambo moja tu, utabadilisha majina. Mama atakayemaliza miaka 10 akiambiwa sasa nenda jimboni atakutana na kura za maoni zinazotaka hela ambayo hana, wajumbe waliozoea kupewa nauli na wanaume, na maneno ya mtaani kuhusu ndoa yake, maana mwanamke akigombea Mbeya kitu cha kwanza kinachojadiliwa ni mume wake yuko wapi. Chama kinachotaka ukomo kwa nia njema kingesema sambamba na hilo ni majimbo mangapi kitasimamisha wanawake, majimbo ambayo kinaweza kushinda sio yale ambayo kinajua kitapigwa, na kingewapa wa viti maalum sehemu ya fedha za maendeleo ya mkoa ili wakienda kuomba kura wawe na cha kuonyesha. Bila hivyo ukomo unakuwa ni namna ya kuwatoa wanawake waliokomaa na kuingiza wapya wasiojua kanuni za Bunge, na kila baada ya miaka 10 tunaanza moja. Makinda alihitaji miaka 35. Kwa utaratibu wa ukomo mtupu, angetolewa 1985.

Na shuleni nako kuna kazi, sasa hivi watoto wetu wana somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na nina wasiwasi litawapa listi ya wanawake wa kwanza, Rais wa kwanza mwanamke, Spika wa kwanza mwanamke, wakariri wafaulu basi. Mtoto wa kike wa Loleza akimsoma Tulia au Makinda kama jina na mwaka tu, hajifunzi chochote atakachokitumia. Aonyeshwe Makinda aliingia kwa kundi gani, nani alimpinga, ilikuwaje akahama kwenda jimboni, 2010 chama kilikuwa na hesabu gani. Aonyeshwe na swali la John Hatch la 1955. Na wavulana wa Malangali waambiwe shule yao ilifunguliwa kwa ajili ya nani, na dada zao mwaka huo 1928 walikuwa wapi.